Kujipamba ukiwa na miwani: soma kwanza namba ya lenzi yako

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Tanga, nina miaka 29 na navaa miwani tangu kidato cha pili. Karatasi yangu ya vipimo imeandikwa -4.50 macho yote mawili. Mwezi ujao dada yangu anaolewa na mimi ndiye mpambe wake. Tumeshafanya jaribio la mapambo, na mama aliyekuja kutupamba akaniambia siku yenyewe nivue miwani maana inaharibu urembo. Bila miwani sitamwona hata bwana harusi akiingia ukumbini. Nikiivaa, macho yanaonekana madogo, maskara inachora lenzi, na puani faundesheni inatoka vipande viwili. Nikijipamba mwenyewe nyumbani ndiyo taabu zaidi, kwa sababu lazima nivue miwani, halafu sioni ninachopaka. Navaa hijabu, na miwani nayo hainikai vizuri. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa shughuli ya dada yako. Nianze na jibu lenyewe: siku hiyo vaa miwani yako. Mtu wa -4.50 akivua miwani ukumbini huanza kukunja uso ili aone, na macho yaliyobanwa na paji lililokunjamana huharibu picha kuliko fremu yoyote. Tena wewe ni mpambe. Kazi yako ni kuuona ushungi wa bibi harusi ukiteleza kabla yeye hajajua, kuiona ngazi ya jukwaa, kumwona shangazi anayekupungia mkono kutoka meza ya nyuma. Kabla ya kuanza kupamba maharusi nilifanya kazi duka la miwani kwa miaka kadhaa, kwa hiyo mambo haya mawili nayatazama pamoja, na inaniuma kila nikisikia mtu mwenye miwani ameambiwa aivue kana kwamba amekuja na kasoro. Miwani ni sehemu ya uso wako. Mpambaji anapaswa kuupamba uso huo kama ulivyo.

Ushauri mwingi utakaoukuta kuhusu jambo hili unazungumzia fremu: ya duara, ya pembe, nyeusi, ya dhahabu. Fremu ina nafasi yake, na nitaifikia. Lakini kinachobadilisha jicho lako mbele ya watu ni lenzi. Wanawake wawili wanaweza kuvaa fremu ileile moja, mmoja akiwa na -4.50 na mwingine +3.00, wakahitaji mapambo ya macho yanayokaribia kupingana. Mpambaji asiyeuliza namba anabahatisha.

Lenzi ya kutoa, yaani yenye alama ya -, ni ya wasioona vizuri mbali. Ni nyembamba katikati na nene pembeni, na hupunguza ukubwa wa kila kilicho nyuma yake. Kwako wewe, lenzi ikikaa milimita 14 hivi mbele ya jicho, wanaokutazama wanaliona jicho lako likiwa dogo kwa karibu asilimia 6. Namba hiyo ni ndogo kwenye karatasi, lakini usoni inaonekana, kwa sababu watu hutazama macho kwanza. Mwenye -8.00 hupoteza kama asilimia 10. Lenzi ya kujumlisha, yenye alama ya +, hufanya kinyume: mwenye +4.00 macho yake yanakuzwa kwa kiasi kilekile ambacho yako yanapungua. Ukitaka kujua miwani ya mtu ni ya aina gani bila kuona karatasi yake, ishike juu ya maandishi na uisogeze mbali nayo taratibu. Herufi zikipungua ni lenzi ya kutoa, zikikua ni ya kujumlisha.

Hesabu hiyo inaonyesha kitu cha kwanza cha kufanya, nacho hakihusu vipodozi kabisa. Kadiri lenzi ilivyo mbali na jicho, ndivyo jicho linavyozidi kuonekana dogo. Miwani iliyoteleza hadi katikati ya pua inakupunguzia macho na pia inakupunguzia uwezo wa kuona. Pua nyingi za kwetu zina mwanzi mpana na wa chini, na fremu nyingi zinazoletwa madukani zilichongwa kwa pua nyembamba iliyonyanyuka. Zikivaliwa huku, hazina pa kushika, zinashuka. Nenda duka la miwani wiki hii, usingoje wiki ya harusi. Kama fremu yako ina vile vipedi viwili vya silikoni vya puani, mwambie fundi avirekebishe ili miwani ikae juu na karibu na uso, na akunje ncha za mikono nyuma ya masikio. Ni kazi ya dakika chache, na maduka mengi hawatozi kitu. Kama fremu ni ya plastiki nzito isiyo na vipedi, kuna vipedi vya kubandika, si kamili lakini husaidia. Na utakapobadilisha fremu siku nyingine, chagua yenye vipedi vinavyorekebishika, na isiwe pana kupita uso wako. Kwa lenzi ya -4.50, fremu kubwa sana inaongeza unene wa pembeni, na ule ukingo wa shavu unaoonekana umeingia ndani mtu akikutazama ubavuni nao unazidi.

Sasa kioo, maana hapa ndipo wengi mnapoteseka bila sababu.

Mtu wa -4.50 asiyevaa miwani huona vizuri kitu kilicho ndani ya sentimita 22 kutoka jichoni. Ukigawa 100 kwa namba yako unapata umbali huo: mwenye -2.00 ana sentimita 50, mwenye -5.00 ana 20. Kama karatasi yako ina na namba ya silinda, yaani ya kurekebisha jicho lisilo na mviringo ulio sawa, hesabu inayumba kidogo, lakini kwa kujipamba inatosha. Wengi wenu mnajua umbali huo kwa mazoea ya kusoma simu kitandani. Kisichojulikana ni kwamba sura yako kwenye kioo haiko juu ya kioo. Iko nyuma yake, umbali uleule ambao wewe uko mbele yake. Ukikaa sentimita 22 kutoka kwenye kioo, sura unayoitazama iko sentimita 44 kutoka machoni pako, ndiyo maana unaona ukungu. Ili uone sawasawa, kioo lazima kiwe sentimita 11 kutoka usoni. Hiyo ni chini ya upana wa kiganja na nusu.

Kwa hiyo kile kioo kikubwa cha kabati kisahau unapopaka macho. Tafuta kioo kidogo cha mkononi, bapa, ukisimamishe juu ya vitabu mezani au ukishike kwa mkono wa kushoto, karibu kabisa. Kaa ukitazama dirisha, mwanga ukupige usoni na si kisogoni. Brashi ndefu zitagonga kioo, basi tumia fupi, au uzishike karibu na nywele zake na uje nazo kutoka ubavuni badala ya mbele.

Wengi hukimbilia kununua kioo cha kukuza. Kwa wewe hakina faida kubwa. Kioo cha kukuza kinaongeza ukubwa wa sura, lakini pia kinaisukuma nyuma zaidi, na wewe mwenye shida na vitu vya mbali unahitaji sura iwe karibu. Ukikitumia itabidi ukae karibu nacho kuliko hata zile sentimita 11. Kioo hicho ni zawadi nzuri kwa mama yako kama anavaa miwani ya kusomea, kwa sababu shida yake ni ya karibu na kusukumwa nyuma kwa sura ndiko kunakomfaa. Nimeona nyumba ambamo binti wa -6.00 na mama wa +2.50 wanagombana kuhusu kioo kimoja, kila mmoja akishangaa mwenzake anakionaje.

Simu nayo ina faida ambayo kioo hakina. Picha ya kamera ya mbele iko juu ya skrini yenyewe, haiko nyuma yake. Hivyo unaweza kuiweka sentimita 20 kutoka usoni na ukaona vizuri, karibu mara mbili ya umbali wa kioo, mkono na brashi vikapata nafasi. Zima kwanza vile vichujio vya kulainisha ngozi, maana vitakuficha makosa yako. Na usiamini rangi ya simu. Itumie kuchora mstari na kupanga nyusi, lakini kulinganisha faundesheni na shingo kafanye mlangoni, kwenye mwanga wa mchana.

Kuna na mbinu ya fundi ambayo nawafundisha wateja wangu. Kama una miwani ya zamani isiyotofautiana sana na ya sasa, peleka dukani waitoe lenzi moja. Ukiivaa, jicho moja linaona kupitia lenzi iliyobaki, na jicho la upande ulio wazi unalipaka bila kizuizi. Ukimaliza, pindua miwani juu chini, lenzi itahamia upande wa pili, na utaishika kwa mkono mmoja huku ukipaka jicho lililobaki. Wewe mwenye namba moja macho yote utafurahi nayo sana. Zipo pia miwani maalumu za kujipambia, zenye lenzi moja inayohamishika kutoka jicho hadi jicho, lakini nyingi zinazouzwa tayari ni za namba za kujumlisha, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Twende machoni. Kwa kuwa lenzi inapunguza, kazi yako ni kurudisha nafasi na mwanga. Kwenye kigubiko cha juu, yaani ngozi inayofunika jicho ukilifumba, weka rangi nyepesi kuliko ngozi yako kwa kiasi kidogo tu: shaba, dhahabu iliyotulia, waridi yenye kahawia. Ng'aro kidogo katikati ya kigubiko na kwenye kona ya ndani, karibu na pua, hulifungua jicho hata nyuma ya lenzi. Rangi nzito, kama kahawia ya kahawa au zambarau iliyoiva, iweke kwenye kona ya nje peke yake, ukiivuta kuelekea mwisho wa nyusi. Ukijaza kigubiko kizima kwa rangi nyeusi ya moshi, ile inayopendwa sana kwenye harusi za usiku, nyuma ya -4.50 jicho litaonekana shimo.

Wanja ndio mtihani mkubwa, hasa kwenu watu wa pwani mliokua mkiupaka ndani ya jicho, juu na chini. Najua unavyopendeza kwenye jicho lililo wazi. Lakini wanja mweusi kwenye ukingo wa ndani wa chini hulifunga jicho pande zote, na lenzi yako inalipunguza tena juu ya hapo. Kwa siku ya harusi, chini tumia penseli ya rangi ya ngozi au ya maziwa yaliyochanganywa na kahawia, si nyeupe kabisa, nyeupe inaonekana kama dawa. Weusi uuweke juu: mstari mwembamba sana kutoka kona ya ndani, unenepe kidogo ukivuka katikati ya jicho, umalizike kwa mkia mfupi unaopanda. Angalia mkono wa miwani unaanzia wapi. Mkia mrefu ukigongana nao, mistari miwili itapigana hapo pembeni na hakuna atakayeona ulichochora. Chini, nje ya jicho, pitisha kahawia kidogo kwenye theluthi ya mwisho tu.

Kuna sababu nyingine ya kuupunguza huo wanja wa ndani. Kwenye ukingo wa kila kigubiko kuna matundu zaidi ya 20 ya tezi ndogo za mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayozuia machozi yasikauke haraka. Ukiyaziba kwa wanja kila siku, macho yanawasha na kuwa mekundu, na mwenye miwani huishia kulaumu lenzi. Na wanja wa jiwe unaosagwa, unaouzwa kwenye vichupa visivyo na maandishi, mara nyingi ni galena, yaani madini yenye risasi. Risasi ni sumu, na kwa watoto ni hatari zaidi. Nunua wanja wenye jina la mtengenezaji, orodha ya viambato na tarehe ya mwisho. Tanzania, tangu 2019, usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na unayo haki ya kumuuliza muuzaji kama bidhaa yake imesajiliwa. Usiazimishane wanja wala maskara hata na dada yako siku hiyo ya harusi, kwa sababu ugonjwa wa macho mekundu huhama kwa njia hiyo. Maskara iliyofunguliwa ikifika miezi 3, itupe hata kama imebaki nusu.

Kuhusu maskara kuchora lenzi, tazama vipimo. Kope za juu za mtu mzima huwa na urefu wa milimita 8 hadi 12. Lenzi iko milimita 12 hadi 14 kutoka jichoni. Nafasi iliyobaki ni ndogo mno. Hapo kuna mvutano na ule ushauri wangu wa kusogeza miwani karibu: ikisogea sana, kope zitagusa kila ukipepesa. Basi fundi asogeze hadi kope zako zisizo na kitu ziwe karibu kugusa lakini hazigusi, aachie hapo. Kinachobaki unakimaliza kwa kukunja kope. Kope iliyokunjwa inaelekea juu badala ya mbele, na inaifungua jicho kuliko rangi yoyote niliyotaja. Banisha kibanio cha kope kwenye mzizi, hesabu hadi kumi, legeza, sogea katikati ya kope, banisha tena kwa wepesi. Fanya kabla ya maskara. Ukibana kope zenye maskara, zinakatika.

Maskara yenyewe iweke kwa wingi kwenye mizizi na ncha uziache na kidogo tu, maana ncha ndizo zinazogusa lenzi. Kwa joto na unyevu wa Tanga, maskara inayonifurahisha zaidi ni ile inayofunga kila ukope ndani ya kijimrija chembamba. Haiyeyuki kwa mafuta ya ngozi, na jioni inatoka kwa maji ya uvuguvugu, vipande vidogo vidogo, bila kusugua. Ile ya kuzuia maji ni nzuri kwa machozi ya harusi, lakini mafuta huilainisha, na uso wenye miwani una mafuta ya kutosha. Kope za bandia unaweza kuvaa, ila soma kisanduku: vingi vimeandikwa urefu kwa milimita. Usipite 10, na chagua zilizojikunja kwa nguvu. Nimeona wapambaji wakibandika za milimita 16 halafu wakashangaa kwa nini mteja anapepesa kama ana mchanga machoni. Kama kope zako ni ndefu kiasili, achana na za bandia.

Puani, kanuni ni moja: pale vipedi vinapokaa, vipodozi viwe haba. Hakuna faundesheni inayostahimili gramu 25 za miwani zikikandamiza sehemu mbili ndogo kwa saa nane kwenye joto. Anza na ngozi safi na krimu nyepesi ya maji, si ya mafuta. Jua la pwani linataka na kinga ya jua, chagua ya jeli, na uipe dakika kumi inyonywe. Paka faundesheni uso mzima kwa sponji yenye unyevu, lakini ukifika kwenye mwanzi wa pua tumia kilichobaki kwenye sponji, usiongeze. Kama kuna alama unayotaka kuificha, tone dogo la konsila lipigepige kwa kidole. Halafu kandamiza tishu, weka poda laini isiyo na rangi, vaa miwani kwa dakika moja, uivue kwa kuinyanyua moja kwa moja mbele kwa mikono miwili. Utaona duara mbili. Zilainishe kwa kidole safi, poda tena kidogo, basi. Ulichokiondoa hapo ndicho kingetoka mbele ya wageni. Kuanzia hapo, ukitaka kuivua miwani inyanyue, usiiburute kushuka pua. Ukitokwa jasho, bonyeza tishu chini ya vipedi; usiongeze poda juu ya jasho.

Umesema faundesheni inatoka puani, hukusema kama kuna weusi uliobaki hata usipopaka kitu. Kama upo, ni ngozi yetu inavyojibu msuguano na mgandamizo: inazalisha rangi zaidi pale inapoumia. Dawa yake ya kwanza ni kurekebisha fremu. Tafadhali usipake krimu za kung'arisha. Zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania, na bado zinauzwa chinichini. Zenye steroidi zikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu zinaweza kupandisha shinikizo la ndani ya jicho, na mtu asiyeona vizuri mbali kama wewe tayari yuko kwenye hatari kubwa kidogo ya glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa kuona, kuliko wengine. Kama pana uvimbe, kidonda au ngozi imeota ugumu, nenda kwa daktari wa ngozi.

Nyusi na fremu zinakaa jirani, kwa hiyo zisigombane. Fremu ikae chini kidogo ya nyusi au ifuate mstari wake. Ikizifunika nusu, uso unaonekana una nyusi mbili mbili. Kama fremu yako ni nyeusi nzito, jaza nyusi kwa kahawia iliyo nyepesi kuliko nywele zako na uache vinyweleo vionekane. Kama ni ya waya mwembamba, unaweza kuzikoleza. Chini ya macho, fremu hutupa kivuli, na lenzi yako inakisogeza kivuli hicho karibu na jicho. Kwa ngozi ya kahawia au nyeusi, weka kwanza rangi kidogo yenye uchungwa juu ya weusi, kisha konsila inayokaribiana na ngozi, nyepesi kwa daraja moja tu. Wapambaji wengi hupaka konsila nyeupe sana hapo, na kwenye picha za flashi unaonekana umevaa miwani miwili. Blasha ianze chini ya ukingo wa fremu na kwenda nje kuelekea sikio. Midomo paka utakavyo, na kwa mwenye miwani mdomo wenye rangi iliyokolea hupendeza sana, kwa sababu unaipa sehemu ya chini ya uso uzito wa kulingana na juu.

Hijabu sasa. Mikono ya miwani ikipita juu ya kofia ya ndani, inasukumwa nje na mbele, lenzi inatoka mbali na jicho, na kila nilichokueleza kuhusu ukubwa wa jicho kinarudi nyuma. Ikipita chini ya kofia iliyobana, baada ya saa mbili masikio yanauma na kichwa nacho kinauma. Mbinu ni hii: vaa kofia ya ndani nyepesi isiyofika kwenye masikio, au uisogeze nyuma ya sikio, ingiza mikono ya miwani ikae juu ya masikio yenyewe, kisha ndipo ufunge hijabu na kuipachika pini ukiwa umeshavaa miwani. Usifunge kwanza halafu ukaisokomeza miwani. Mwambie anayekufunga aache nafasi ya kidole kimoja kwenye panja. Na unapoenda dukani kwa fundi, nenda na hijabu utakayovaa siku hiyo, airekebishe miwani ukiwa umeifunga.

Kwa picha, adui ni mng'ao. Lenzi ya plastiki isiyo na utando hurudisha karibu asilimia 8 ya mwanga, na lenzi zilizopunguzwa unene hurudisha zaidi. Yenye utando wa kuzuia mwakisiko hushuka hadi chini ya asilimia 2. Kama yako haina, huna haja ya kununua mpya kwa ajili ya siku moja. Mwambie mpiga picha asipige flashi ya mbele moja kwa moja, taa iwe juu na pembeni. Na wewe nyanyua ncha za mikono ya miwani kidogo sana juu ya masikio, kiasi cha unene wa penseli, lenzi zitainama mbele na mng'ao utaenda chini badala ya kwenye kamera. Chini ya hijabu hakuna atakayejua. Kama lenzi zako ni zile zinazogeuka nyeusi juani, picha za bustanini zitayaficha macho yote, basi mpigwe kivulini au ndani. Lenzi za kuchuja mwanga wa buluu nazo huacha mng'ao wa buluu au zambarau kwenye picha, na hizo zinahitaji taa ya pembeni zaidi.

Spreyi ya kushikilia vipodozi, manukato na spreyi ya nywele vyote vipulizwe miwani ikiwa mezani, imefunikwa. Matone yakikauka juu ya lenzi yanaacha madoa na mengine yanakula ule utando. Lenzi ikichafuka kwa maskara, ioshe kwa maji ya kawaida na tone la sabuni ya vyombo isiyo na krimu, kisha ifute kwa kitambaa chake laini. Kanga, mtandio na tishu ya mezani vinakwaruza, hasa vumbi likiwa juu. Usitumie asetoni ya kucha hata kama umeona mtu akifanya. Kwenye pochi ya siku hiyo weka kitambaa cha miwani, tishu chache, pamba za masikio za kufutia maskara kwenye kona ya lenzi, na ile miwani yako ya zamani kama bado ina lenzi zote mbili, maana kwenye shughuli yenye watoto wengi miwani huweza kukaliwa.

Kuhusu lenzi za kuvaa ndani ya jicho, ukishauriwa uzivae kwa siku hiyo, jibu langu ni hapana kama hujawahi kuzizoea. Zinataka vipimo vyake, mafunzo ya usafi na wiki kadhaa za mazoea. Zile za rangi zinazouzwa kwenye maduka ya urembo bila kupimwa usizitie jichoni kabisa.

Rudi kwa yule mama aliyewapamba, kwa heshima, umwombe jaribio la pili. Mpe namba yako, mwonyeshe macho yako yakiwa nyuma ya lenzi, na umwombe kila hatua akuvishe miwani na arudi nyuma mita moja akutazame kabla ya kuendelea. Mpambaji anayependa kazi yake atakubali, na ataondoka amejifunza kitu cha kumsaidia mteja mwingine. Piga picha tatu siku hiyo: dirishani, chini ya taa ya umeme, na kwa flashi. Kisha kaa na mapambo hayo saa tatu, fanya kazi za nyumbani, tokwa na jasho. Ukikuta alama za kope kwenye lenzi baada ya hapo, hiyo ni kazi ya fundi wa miwani na kibanio, bado una muda wa kuvishughulikia vyote viwili.